Bustani ya Mtaa Mwanza: Mwongozo Kamili kwa Wanaojitolea, Kuanzia Agosti Hadi Mavuno ya Vuli

Mwaka wa kwanza tulijitokeza watu 31. Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Septemba, kwenye kiwanja cha wazi chini ya mawe, upande wa Nyegezi. Kulikuwa na chai ya rangi, mihogo ya kuchemsha, na kijana mmoja aliyekuja na ngoma akisema kulima bila bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya kulimia, ni adhabu. Kufikia saa saba mchana matuta 40 yalikuwa yamenyooka kama mistari ya daftari. Tukapiga picha. Wiki ya tatu tulibaki saba, tunabeba ndoo kutoka bombani, mita 200 kwenda na nyingine 200 kurudi, na matuta 28 yakafa kwa kiu kabla wingu la kwanza la vuli halijatokea ziwani.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mbegu wala jembe.

Hesabu ndoo kwanza

Mboga iliyokomaa kwenye jua la Septemba hapa kwetu inahitaji kama lita 4 hadi 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la kawaida lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Hilo ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Matuta 12 yanataka ndoo 30 kila siku. Matuta 40 yetu yalikuwa yanadai ndoo 100, na hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu hiyo kabla ya kushika jembe.

Sasa hesabu watu. Usihesabu waliokuja Jumamosi ya kwanza. Hesabu watakaokuja Jumatano jioni, hakuna chai, hakuna picha. Ukipata watu 10 wa kweli, wagawe zamu mbili za watu watano. Kila mmoja anabeba ndoo sita siku ya zamu yake, na anarudi nyumbani bado anaweza kusimama. Watu 10, matuta 12. Anzeni hapo. Sehemu iliyobaki ya kiwanja ifunikeni kwa nyasi kavu au mpande viazi vitamu. Matembele mtakula, na ardhi haitabaki uchi.

Agosti: ardhi, karatasi na mboji

Mwanza ina misimu miwili ya mvua: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Anayesubiri mvua ndipo akusanye watu amechelewa miezi miwili. Wiki ya Nanenane, sikukuu ya wakulima, ni wakati mzuri wa kuanza, maana kwenye viwanja vya Nyamhongolo unawakuta mabwana shamba, wauza mbegu na wauza pampu mahali pamoja, na unaweza kuuliza maswali yako yote bila kupanda ngazi za ofisi.

Kiwanja kiwe cha nani? Cha kanisa, msikiti, shule, mtaa au mtu binafsi, vyovyote, ila ruhusa iwe ya maandishi. Mwenye ardhi asaini, viongozi wenu wawili wasaini, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wajue na wagonge muhuri. Andikeni mipaka kwa hatua na alama zinazoonekana, mfano "kutoka jiwe kubwa lenye ufa hadi nguzo ya umeme". Andikeni muda, msikubali chini ya misimu mitatu, kwa sababu samadi mnayoitia leo italipa mwaka ujao. Na andikeni neno kuhusu miti. Kwetu mtu akipanda mwembe amepanda na dai la ardhi, na mwenye kiwanja anajua hivyo. Mwenzetu mmoja alichomeka mche wa mparachichi kwa nia njema tu, ikatugharimu vikao vitatu na mche wenyewe.

Kama kiwanja kiko ufukweni, pimeni mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo. Wako watakaokwambia mbona fulani analima hadi majini. Mwache fulani. Zaidi ya sheria, ukiona nyayo za kiboko kwenye matope, hakuna uzio wa miiba utakaomzuia usiku. Tafuteni kiwanja cha juu.

Kusajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ni jambo jema, hasa kama baadaye mtaomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini msimu wa kwanza sioni haja ya kukimbilia. Vikundi vingi vina katiba ya kurasa nane na havina hata fungu moja la mchicha.

Shimo la mboji, au tuseme lundo, maana Mwanza jembe linagonga jiwe kabla shimo halijafika magotini, lianze wiki hiyohiyo. Upana mita moja na nusu kila upande, kimo mita moja. Chini weka mabua na vijiti ili hewa ipite. Juu yake tabaka la majani makavu unene wa shibiri, tabaka la majani mabichi unene huohuo, samadi kidogo, majivu ya kutimua vumbi tu, udongo kiasi, maji. Rudia hadi kimo kitimie, kisha funika kwa nyasi au majani ya mgomba. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku nne kichomoe ukishike: kikiwa cha moto na kina unyevu, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, mwagia maji, kikiwa baridi na kinanuka uozo, maji yamezidi au hewa haipiti. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa joto letu, wiki 8 hadi 12 mboji imeiva. Hesabu mwenyewe kutoka Agosti.

Majani mabichi yapo mengi, na ziwa lenyewe linatuletea magugu maji bure. Yafaa sana kwenye mboji, ila yana masharti. Yatoeni majini kwa reki ya mpini mrefu, mkiwa na buti za mpira, kateni na mtupe mizizi, kisha yaanikeni mbali na maji siku mbili tatu yanyauke. Msiyachukue kwenye maingilio ya mifereji ya mjini. Mmea huo unafyonza uchafu wa kila aina na kuuhifadhi mizizini.

Kuhusu samadi, hili lilituunguza. Tulipata mkokoteni mzima kutoka zizi la jirani, tukamwaga ileile siku, tukapanda keshoye. Miche ya nyanya ikageuka njano kisha kahawia ndani ya wiki. Siku hizi tuna babu mmoja, mfugaji wa zamani wa Magu, ambaye ndiye maabara yetu. Mara ya kwanza nilimletea konzi moja.

"Shikamoo babu. Hii imeiva?"

"Marahaba. Inuse, mjukuu wangu. Ikinuka zizi, iache. Ikinuka mvua, itie."

Samadi iliyoiva ni nyeusi, inavunjika kama keki kavu, haina joto na haina harufu ya mkojo. Kama ni bichi, irundikeni na kuifunika miezi mitatu. Kipimo chetu ni sado 10 (makopo ya lita 4) kwa tuta moja la mita 10, ikichanganywa na udongo kina cha jembe.

Ujue udongo unaokanyaga

Wazee wa Kisukuma hawakusubiri maabara. Walishaupa udongo majina. Luseni ni ule mchanga wa miteremkoni, uliotokana na mawe ya graniti. Unalimika kirahisi, lakini maji yanapita kama kwenye chujio. Itogolo uko chini kidogo, juu laini, chini mgumu kama sakafu. Mbuga ndio ule mweusi wa bondeni, unaonata kiangazi kikiisha na kupasuka kikirudi. Kiwanja kimoja cha Mwanza kinaweza kuwa na aina mbili: juu luseni, chini mbuga.

Lowanisha udongo kidogo, ufinyange kiganjani, jaribu kuuviringisha uwe kama kamba. Ukigoma na kumwagika, ni luseni: tengeneza tuta la kubonyea, ambalo wengine huliita mbonyeo, yaani chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10 hivi, kingo zikiwa juu, ili kila tone libaki. Kamba ikitoka ndefu na kung'aa, ni mbuga: inua tuta sentimita 20 juu ya njia, maana Novemba maji yakituama siku mbili mizizi inaoza. Sisi mwaka wa kwanza tuliinua matuta yote, kwa sababu ndivyo picha za vitabuni zinavyoonyesha. Yale ya mchangani yalikauka kwanza.

Maji: bomba, jiwe na ziwa

Bomba ni la uhakika ila lina bili na lina siku za mgao. Ziwa liko pale, linaonekana, linashawishi. Katikati kuna jiwe, na jiwe ndilo hazina ambayo watu wa Mwanza tunaipiga picha bila kuitumia.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mwamba wenye uso wa mita za mraba 60, ikinyesha milimita 20, unamwaga lita 1,200. Ukiondoa yanayorukia pembeni na kupotelea nyufani, hata ukipata 800 umeokoa ndoo 40 za kubeba kichwani. Tulichofanya ni hiki: tulisubiri mvua ya kwanza, tukasimama na mwavuli kuangalia maji yanateremkia wapi, tukachora mstari kwa mkaa. Mvua ilipokata, fundi akajenga kikuta cha vipande vya mawe na saruji kimo cha shibiri moja kufuata mstari ule, kikiinama upande mmoja, mwisho wake bomba la inchi 3 hadi tangi la plastiki la lita 2,000. Dakika za mwanzo za kila mvua bomba tunaligeuza limwage nje, kwa sababu maji hayo yanabeba kinyesi cha ndege na cha wale mijusi wenye vichwa vyekundu na mwili wa buluu wanaoota jua juu ya mawe. Mijusi wenyewe msiwafukuze. Wanakula wadudu wetu. Mdomo wa tangi ufungwe kwa chandarua chakavu, la sivyo mtakuwa mmefuga mbu.

Maji hayohayo ya jiwe yasipokingwa yanakuja na hasira. Usiku mmoja wa Oktoba yalisomba matuta matatu pamoja na miche, asubuhi tukakuta nyanya zimelala kwenye uchochoro wa jirani. Juu ya bustani, kabla ya tuta la kwanza, chimbeni mtaro wa kina cha sentimita 30 unaokwenda mshazari taratibu hadi kwenye mfereji au shimo la migomba. Udongo mnaochimba utupeni upande wa chini uwe kingamaji, mpandeni mchaichai juu yake ushike.

Sasa ziwa. Kichocho kipo Ziwa Victoria, kile cha tumbo, na hakibagui mkulima na mvuvi. Vimelea wake wanakulia ndani ya konokono wadogo wa maji matulivu yenye majani, kisha wanaogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Huhitaji kunywa, miguu inatosha. Kwa hiyo hakuna mtu wa kujitolea kuingia ziwani magoti wazi kujaza dumu, hata kama amefanya hivyo tangu utotoni. Tumieni pampu yenye mpira mrefu, au chota kutoka kwenye gati ukiwa umesimama pakavu. Maji yajazeni kwenye tangi lisilo na konokono na myaache siku mbili. Vimelea hao hawadumu zaidi ya hapo bila kupata mwili wa kuingia. Baada ya saa 48 unaweza kuyashika. Aliyekwisha kujiloweka aende kituo cha afya apimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inafanya kazi. Na bustani ya ufukweni lazima iwe na choo, kwani mzunguko wa kichocho unaanzia kwenye kinyesi kinachofika majini.

Mkitaka kufunga pampu ya injini, ulizeni kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kuhusu kibali. Ofisi yao iko hapa hapa Mwanza. Maji ya Mto Mirongo na mifereji inayokatiza mjini msiyatumie kabisa kwa mboga za majani.

Septemba: uzio, kitalu na zamu

Mbuzi wa mtaa ni wanachama wasioandikishwa. Uzio wa minyaa ni wa kale Usukumani, haugharimu kitu, unachomeka vipande tu, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Akataye avae miwani na watoto wakae mbali. Kwa msimu wa kwanza, kabla minyaa haijashikana, tumieni matawi ya miiba.

Kitalu kiandaliwe katikati ya Septemba ili miche iwe tayari mvua ikishika. Mahali pawe karibu na maji na hapajawahi kupandwa nyanya, bilinganya wala pilipili mwaka huo. Upana mita moja, udongo laini uliochanganywa na samadi iliyoiva na kuchekechwa, maana mboji ya Agosti bado haijaiva. Chora mistari kwa kidole kila sentimita 15, kina kisizidi sentimita moja, mwaga mbegu kwa uchache. Hapa mikono mizito ndiyo inayoharibu: mtu anamwaga pakiti nzima ya nyanya kwenye mstari mmoja, miche inaota imebanana kama abiria wa daladala ya Buhongwa, inarefuka bila nguvu. Funika kwa nyasi nyepesi, mwagilia asubuhi na jioni kwa keni yenye matundu madogo. Siku ya tano hadi ya saba chungulia. Ukiona vichwa vinainuka, ondoa nyasi jioni hiyohiyo na uzipandishe juu ya kichanja cha mita moja ziwe kivuli. Wiki ya mwisho punguza kivuli na maji ili miche izoee shida.

Mbegu nunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na tarehe isiyopita. Mchicha, bamia, kunde na mgagani hazihitaji kitalu, zinapandwa moja kwa moja. Matembele unaomba tu kwa jirani mapande ya sentimita 30. Mkitaka viazi lishe vyenyewe, vile vya rangi ya chungwa, ulizieni mbegu safi TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo pale Misungwi.

Kabla mche haujaondoka kitaluni, kaeni mkubaliane kuhusu zamu na mavuno. Daftari moja, siku, majina, ndoo. Asiyeweza kuja atume mtu, asitume ujumbe wa pole. Mavuno kwetu ni Jumamosi tu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mboga hupangwa mafungu mbele ya wote. Kila aliyetimiza zamu zake anachukua fungu, mafungu mawili yanakwenda kwa wagonjwa na wazee wa mtaa, yanayobaki yanauzwa papo hapo kwa ajili ya mbegu na bili. Kanuni hiyo tuliiandika baada ya mama mmoja kuchuma sukuma wiki Alhamisi kwa sababu alikuwa na wageni. Alikuwa amebeba ndoo kuliko sisi sote, na hakuna kanuni aliyoivunja, maana haikuwepo. Hakurudi tena, na mimi mpaka leo nikikutana naye sokoni Kirumba namwamkia nikiangalia pembeni.

Oktoba na Novemba: miche shambani

Msidanganyike na mvua ya kwanza. Subirini zinyeshe mbili tatu, udongo uwe na unyevu hadi kina cha kiganja. Mche wa nyanya wenye majani manne au matano, wa wiki nne hivi, ndio wa kuhamisha. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa kwa kijiko au kipande cha mti ukichukua na udongo wake, panda kuanzia saa kumi na moja jioni. Nyanya sentimita 60 kwa 50, sukuma wiki 60 kwa 45, ngogwe (nyanya chungu) wape 75 kwa 60 kwani wanatanuka. Mchicha mistari ya sentimita 20 inatosha. Shindilia udongo kwa vidole viwili, mwaga maji kidogo shinani, weka nyasi kuzunguka bila kugusa shina. Nyanya zichomekewe vijiti vya kuegemea mapema, na majani yanayogusa ardhi yakatwe. Bakajani, ugonjwa wa madoa ya majani, hurukia hapo matone ya mvua yanapopiga udongo.

Palizi ya kwanza ni wiki mbili baada ya kupanda. Ikichelewa, Novemba magugu yatawapita kimo.

Wadudu: vidukari kwenye sukuma wiki vinasikia maji ya sabuni ya mche yakipuliziwa chini ya majani jioni. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, zikalowekwa usiku mzima na kuchujwa, zinasaidia dhidi ya viwavi. Kantangaze, kiwavi wa nyanya, ni mkorofi zaidi. Jani lenye michirizi myeupe kama ramani na tunda lenye tundu dogo vikusanyeni na kuvifukia au kuvichoma, wala msiviache njiani. Dawa za dukani, kama mkilazimika, someni siku za kusubiri kabla ya kuchuma na mzifuate hata kama Jumamosi hiyo watu watakwenda mikono mitupu. Maji ya kuoshea bomba la dawa yasielekee ziwani.

Desemba

Mchicha utakuwa umewalisha tangu wiki ya nne. Ukateni kwa kisu kimo cha vidole vinne, uchipue tena, badala ya kung'oa. Sukuma wiki chumeni majani ya chini, yale machanga ya kileleni myaache. Bamia haingoji Jumamosi. Ikikaa siku tatu imekuwa kuni, kwa hiyo ndiyo mboga pekee tuliyoiruhusu zamu ya siku ichume na kuandika daftarini.

Shina la nyanya likinyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi, likate, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oeni na kuchoma, msilitie kwenye mboji, na tuta hilo lisione nyanya, pilipili wala bilinganya kwa misimu kadhaa. Pandeni mahindi au mchicha.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi tunafungua mtaro ulioziba, tunaosha tangi, tunasugua majembe na kuyahesabu. Mwaka jana yalipungua mawili. Moja lilirudi Februari, limewekewa mpini mpya.